Masizi ya Injini: Kosa ni la Nani?

Watu wengi hudhani ya kuwa msumeno wa moto, yaani ule wenye injini na mnyororo, ni chombo cha watu wa misituni kama Sao Hill huko Mufindi, wala haumhusu mtu wa mjini. Mimi ni mwenyeji wa Mwananyamala, nami nasema dhana hiyo si sahihi. Viwanja vyetu vya Komakoma, Msisiri na Kwa Kopa vimejaa nyumba, na miembe na miarobaini iliyopandwa na wazee wakati nafasi ilipokuwa tele sasa imebanwa na kuta. Mizizi hupasua misingi, matawi hugusa nyaya za umeme, na masika yakija na upepo mti huangukia mabati ya jirani. Hapo ndipo huitwa vijana wenye msumeno. Hukata, hupasua, huondoa magogo kwa mkokoteni, na mwenye kiwanja hulipa. Ni kazi halali na ya jasho.

Lakini msumeno mpya ni ghali, kwa hiyo aghalabu vijana hao hununua uliokwisha tumika. Na mtu anunuapo msumeno uliotumika hununua pamoja nao masizi ya yule aliyekuwa nao kwanza. Huutumia majuma machache, kisha nguvu hupungua, moshi huwa mzito, na injini huzimika katikati ya gogo. Hupelekwa kwa fundi, hufunguliwa, hukwanguliwa, hurudishwa. Baada ya miezi michache ni yale yale.

Maoni yangu ni haya. Kukwangua masizi peke yake ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo ndogo. Masizi hufanywa na mtu apimaye oili kwa jicho, na maadamu jicho ndilo kipimo, fundi atakwangua mpaka silinda iishe. Kipimo kilicho sawa si siri. Kimo katika hesabu za uwiano tulizofanya tangu shule ya msingi, na sababu yake imo katika vitabu vyetu vya Kemia. Kinachoniudhi ni kuwa elimu hiyo hukaa bwenini pamoja nasi, haivuki lango la shule.

Yafaa kwanza tueleze masizi hutoka wapi. Twajua ya kuwa mafuta yakiungua penye oksijeni ya kutosha hutoa kabonidioksidi na maji. Oksijeni ikiwa haba hutoka kabonimonoksidi, ambayo ni sumu, na chembe za kaboni tupu. Hizo ndizo masizi, ndugu wa yale yaliyo chini ya sufuria ya jiko la kuni. Sasa, katika injini ya gari oili hukaa chini katika sampu yake, na hufanya kazi ya kulainisha bila kuingia kwenye moto. Injini ya msumeno ni ya mipigo miwili, haina sampu. Oili huchanganywa na petroli katika tangi moja, huingia pamoja, hulainisha ikipita, kisha huungua au hutoka na moshi. Oili ni nzito kuungua kuliko petroli. Ile isiyoungua vema huganda kwa joto na kuwa gamba jeusi gumu juu ya kichwa cha pistoni, katika mifereji ya ringi, katika tundu la kutolea moshi na ndani ya ekzosi.

Mtu aweza kuuliza kwa nini basi wasitengeneze msumeno wenye sampu. Sababu ni uzito na jinsi chombo kinavyoshikwa. Mkata miti huulaza msumeno ubavu, huuinua, huugeuza karibu juu chini, na oili iliyo katika sampu ingemwagika mahali pasipofaa. Andreas Stihl wa Ujerumani, aliyeanzisha kazi yake mjini Stuttgart mwaka 1926, alitoa msumeno wa petroli wa kukatia miti mwaka 1929, nao ulikuwa na uzito wa kilo 46, mzigo wa watu 2. Leo mtu mmoja hupanda nao mwembe. Wepesi huo umetokana kwa sehemu kubwa na injini hii isiyo na mambo mengi, na bei tunayoilipa kwa ajili ya wepesi huo ni oili ndani ya moto.

Tutazame pia jinsi injini hii inavyotumika. Tuseme kazini huzunguka mara 9,000 kwa dakika. Kwa kuwa hulipuka mara moja katika kila mzunguko, ni milipuko 150 katika sekunde moja. Mtu akikata kwa saa 4 tu ni milipuko 2,160,000. Kila mlipuko ukiacha nyuma kitu kidogo kisichoonekana kwa macho, si ajabu ukutane na gamba mwisho wa mwezi.

Gamba hilo lina madhara ya namna nyingi, na yote huanza polepole. Tundu la moshi huwa jembamba kama koo lenye uvimbe. Moshi wa zamani haupati njia, mchanganyiko mpya haupati nafasi, na nguvu hupotea. Ringi hukwama katika mifereji yake, mgandamizo huvuja, na kamba ya kuwashia huwa laini mkononi. Plagi hulowa oili na kukataa kutoa cheche. Pengine kipande cha gamba huwa chekundu kama kaa la moto na kuwasha petroli kabla ya wakati wake. Baya kuliko yote ni kipande kikibanduka na kuangukia kati ya pistoni na silinda, kwani hapo hukwaruza kama mchanga, na mkwaruzo haurudi nyuma.

Mtaani kwetu mwaka jana, wakati wa likizo, niliona jinsi jambo hili linavyomaliza mtaji wa mtu. Kijana mmoja, ambaye nampa heshima ya kaka, alikuwa amejiwekea akiba kwa kubeba mbao, akanunua msumeno uliotumika. Kazi zilipatikana. Ndugu yake mdogo alikuwa akianza kidato cha kwanza, na ijapokuwa ada ya shule za serikali iliondolewa mwaka 2016, sare, godoro na nauli havikuondolewa. Kaka huyo ndiye aliyeyabeba hayo. Msumeno ulipopungua nguvu aliupeleka kwa fundi chini ya mti. Fundi akaifungua silinda, akaikwangua kwa bisibisi na waya wa chuma mpaka ikang'aa, kisha akaitia pistoni katika maji ya kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, akaiacha mpaka asubuhi.

Nilikuwapo asubuhi ile. Pistoni ilikuwa imetoka safi kweli, lakini imeliwa vidoto vidoto kama jino bovu, na povu bado lilikuwa likipanda. Povu lile lilikuwa hidrojeni. Alumini huliwa na kostiki soda na kutoa hidrojeni. Jambo hili liko katika daftari langu, na nadhani liko katika daftari la kila mwanafunzi wa Kemia asomaye makala haya. Nilimwambia fundi kwa adabu. Alicheka akasema, "Wewe soma vitabu vyako, mdogo wangu, injini haisomi." Msumeno ulifanya kazi siku 2, ukanyamaza. Kaka yule amerudi kubeba mbao.

Simtukani fundi yule. Hakuwa mwizi, wala hakuwa mvivu. Alikaa usiku akiifanya kazi hiyo. Alitenda kama alivyoonyeshwa na aliyemtangulia. Ila hakuna aliyemwambia ya kuwa silinda ya msumeno ni ya alumini, na kuwa ndani yake imepakwa tabaka la kromu au nikeli, gumu sana lakini jembamba mno, mfano wa karatasi. Bisibisi ikipita hapo kwa nguvu, au msasa, tabaka hilo likitoboka hakuna fundi wa mtaani awezaye kulirudisha. Chuma hakina kazi humo ndani.

Namna iliyo salama nimeiona kwa fundi mwingine, mzee wa makamo aliyefanya kazi na mashine za uvuvi, nami nitaieleza kwa kuwa huenda mzazi mmoja akaihitaji. Injini iachwe ipoe. Waya wa plagi uchomolewe kabla ya lolote, kwani mnyororo haujui utani. Ekzosi ifunguliwe, na kamba ivutwe polepole mpaka pistoni ipande na kuliziba tundu la moshi kabisa, ili uchafu usianguke ndani. Kisha chukua kijiti cha mti mgumu au cha mwanzi, kilichochongwa kama patasi, ubandue gamba katika tundu kwa upole, ukijihadhari usiikwaruze pistoni inayoonekana hapo. Mzee huyo hulipaka gamba mafuta ya taa kidogo na kungoja, nalo hulegea. Uchafu hufutwa kwa kitambaa, haupulizwi kuelekea ndani. Ule wavu mdogo wa kuzuia cheche ulio katika ekzosi waweza kusuguliwa kwa brashi ya waya, maana ni chuma na hauna tabaka la kuogopa. Mara nyingi ugonjwa wote wa msumeno huwa ni wavu huo umeziba, na fundi mwenye haraka amekwisha fungua silinda bure.

Ikiwa ringi zimekwama hapana budi silinda ifunguliwe. Hapo mfereji wa ringi husafishwa kwa kipande cha ringi ya zamani iliyovunjwa, ambacho upana wake walingana na mfereji wenyewe. Naliona jambo hili ni la akili sana, wala sikuliona katika kitabu. Gasketi iliyofunguliwa isirudishwe ikiwa imechanika. Utando mwembamba mweusi juu ya kichwa cha pistoni hauna neno. Anayetaka ing'ae kama sahani ya harusi anajitafutia kazi.

Sasa nirudi kwenye oili, kwani hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi, hata yule mzee. Wao husema oili nyingi ni kinga. Wana sababu, nami sitaki kuificha. Fundi huona pistoni zilizokauka na kushikana na silinda kwa sababu mtu alitia petroli tupu, na kifo hicho ni cha dakika chache. Kifo cha masizi huchukua miezi, na mwenye mali hakumbuki tena alitia nini. Kwa hiyo fundi humshauri kila mteja aongeze "kidogo", na mteja nyumbani huongeza kidogo chake juu ya kidogo cha fundi. Wapo pia wanaotia oili ya gari kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Hiyo haikutengenezwa ili iungue. Huacha majivu ambayo hayatoki kwa mafuta ya taa.

Kipimo ni hiki. Vitabu vya misumeno ya Stihl huelekeza sehemu 1 ya oili yao kwa sehemu 50 za petroli, na sehemu 1 kwa 25 ikiwa ni oili nyingine ya mipigo miwili. Mwenye msumeno wa namna nyingine atazame kitabu chake au maandishi yaliyo kwenye kopo la oili. Moja kwa 50 maana yake ni mililita 20 kwa lita 1; moja kwa 25 ni mililita 40. Kizibo cha chupa hakiwezi kupima hivyo, wala "funda moja" haliwezi. Lakini katika duka lolote la dawa pale Mwananyamala huuzwa bomba la sindano la mililita 20. Bomba 1 kwa lita ni 1 kwa 50, mabomba 2 kwa lita ni 1 kwa 25. Chupa ya maji ya lita 1 na nusu, ambayo ndiyo chupa ya petroli ya vijana wengi, hutaka bomba 1 na nusu, au 3. Sindano yenyewe itupwe mahali salama, bomba libaki na msumeno. Anayetia mililita 80 kwa lita akidhani anajikinga ametia mara 4 ya kile kilichoandikwa, na moshi wake twaunusa mpaka mtaa wa pili.

Nakubali oili si mkosaji pekee. Kichujio cha hewa kilichojaa unga wa mbao huinyima injini oksijeni, na masizi huzaliwa hata oili ikiwa sawa. Hali kadhalika kuiacha injini ikinguruma bila kazi huku watu wakipatana bei. Dalili ya yote haya huonekana kwenye plagi: nyeusi na yenye utelezi ni oili nyingi au hewa haba, nyeupe ni joto kupita kiasi, ya kahawia, mfano wa mdalasini, ndiyo inayotakiwa. Mtu asiyejua kusoma herufi aweza kusoma plagi.

Tena jambo hili si la misumeno tu. Wavuvi wa Msasani na Kunduchi wenye mashine za mipigo miwili nyuma ya boti huchanganya petroli na oili vivyo hivyo, na mashine ikizimika baharini hakuna kivuli cha mti cha kukaa ukingoje fundi. Vijenereta vidogo vilivyopiga kelele vibarazani wakati wa mgao wa umeme navyo ni wa ukoo huo. Vingi vimewekwa stoo tangu bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji lilipoanza kutoa umeme mwaka 2024, na atakayekiwasha kimoja siku ya dharura atakuta masizi yakimngoja. Asikiwashe ndani ya nyumba, nimekwisha taja sumu iliyo katika moshi ule.

Wenzangu wengine wa kidato cha nne wataniambia, "Hayo ni mambo ya ufundi, waachie wa mkondo wa amali." Mkondo huo ulianza kidato cha kwanza mwaka 2024, baada yetu sisi, na nimewasikia baadhi yetu wakiuzungumzia kama kwamba ni mlango wa nyuma. Sioni sababu. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akilalamikia shule zinazomtenga mwanafunzi na kazi za watu wake, na shule za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga zimetoa watu wanaoheshimiwa. Lakini hata tukiyaacha hayo, nauliza: mwanafunzi aliyepata alama ya juu katika Kemia, akaenda nyumbani likizo, akaona pistoni ya alumini inatiwa katika kostiki soda, naye akakaa kimya kwa kuwa swali hilo halikuja katika mtihani, amesoma nini? Na fundi aliye na mikono ya dhahabu, ambaye hakuna mtu aliyemwonyesha uwiano wa 1 kwa 50 kwa bomba la sindano, nani amemnyima?

Wazazi huenda wakahofu ya kuwa mambo haya yatatupunguzia muda wa kujiandaa na mtihani wa taifa. Hofu hiyo ni ya haki, kwani wao ndio wanaouza mbuzi. Ila sisemi somo liongezwe. Mwako usiokamilika umo tayari katika muhtasari, uwiano umo, alumini na besi zimo. Tunavisoma mbele ya ubao mweusi na mshumaa mmoja. Injini moja mezani ingetosha kwa vyote 3, na hakuna atakayesahau.

Nayo injini tunayo. Mashine ya shule ya kufyekea majani ni ya mipigo miwili. Muhula uliopita ilipofyeka uwanja wa mpira moshi wake uliingia madarasani mpaka tukafunga madirisha, na baada ya juma la pili ikakataa kuwaka, tukarudia mafyekeo. Pendekezo langu kwa walimu wa sayansi na kwa chama chetu cha sayansi ni kuwa Jumamosi moja kabla ya mitihani ya muhula mashine hiyo iletwe maabara, ifunguliwe ekzosi mbele ya kidato cha tatu na cha nne, na aalikwe fundi mmoja wa mtaa ulio karibu na shule, akae meza moja na mwalimu wa Kemia. Fundi afungue, mwalimu aeleze, nasi tushike vijiti. Vinavyohitajika ni spana ya plagi, mafuta ya taa kikombe kimoja, gasketi ya ekzosi, na bomba la sindano la mililita 20. Wanafunzi wa Baiolojia wanalo bomba hilo. Ufunguo wa stoo uko kwa mwalimu wa miradi, na mashine yenyewe iko nyuma ya magunia ya mahindi, upande wa kushoto.